Kukesha Hakumwandai Mtoto kwa Mtihani

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na unapokaribia, shule nyingi nchini Tanzania huweka kambi: watoto husoma mpaka usiku wa manane, alfajiri wanaamshwa tena. Wazazi huchanga mahindi na maharage kwa moyo mmoja. Nia ni njema, ila kukesha kunapingana na namna ubongo unavyoshika mambo.

Mwaka 1973, wanasayansi Tim Bliss na Terje Lømo walionyesha kwamba neva za ubongo wa sungura zikisisimuliwa mfululizo kwa muda mfupi, maungio kati ya neva hizo hubaki na nguvu zaidi kwa saa nyingi. Baadaye sababu ikajulikana. Seli moja humwaga glutamati. Seli inayoipokea ina vijilango vilivyozibwa na magnesiamu, na kizibo hakitoki mpaka seli hiyo nayo iwe imeamka. Kikitoka, kalsiamu huingia, na vipokezi zaidi hupachikwa kwenye ungio. Hayo huchukua dakika tu, na huweza kufifia upesi. Ili yadumu siku na wiki, seli lazima iunde protini mpya, na kazi hiyo inataka muda. Eric Kandel, mshindi wa Nobel mwaka 2000, aliliona hilo kwa konokono wa baharini: kushtuliwa mara moja kuliacha kumbukumbu ya dakika, kushtuliwa mara kadhaa, kwa kupumzishwa katikati, kuliacha kumbukumbu ya siku kadhaa. Protini zikizuiwa, hiyo ya siku haijengeki.

Atakayesema mtoto si konokono amesema kweli. Lakini tangu mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus mwaka 1885, majaribio ya watu yametoa jibu lilelile: saa zilezile zikigawanywa kwa siku nyingi, mtu hukumbuka zaidi, na usingizi husaidia kukaza alichojifunza. Pingamizi zito ni la walimu: kambini mtoto hupata taa na saa za kusoma asizozipata nyumbani. Nalikubali kabisa. Saa hizo anazihitaji, ila zianze mapema. Mkulima wa Ufipa hufukia nyasi kwenye ntumba, yaani vichuguu vya udongo, zioze miezi kabla ya kupanda nafaka. Hafukii leo apande kesho.

Kamati za shule za Mwazye na kote wilayani Kalambo, mchango wa kambi ugawanyeni tangu Januari: jioni mbili kila wiki, mada za zamani zirudiwe, na saa tatu usiku watoto wawe wamelala.