Pujols na Cabrera: Thamani ya mpigaji mkongwe hupimwaje?

Majina mawili makubwa ya besiboli kutoka eneo la Karibi, Albert Pujols wa Jamhuri ya Dominika na Miguel Cabrera wa Venezuela, yatastahili kupigiwa kura ya Ukumbi wa Mashuhuri wa mchezo huo nchini Marekani, la kwanza mwaka 2028 na la pili mwaka 2029. Sifa zao hazina ubishi. Linalobishaniwa ni nani kati yao alikuwa mpigaji wa thamani zaidi, na thamani hiyo ilidumu hadi lini.

Kwa hesabu ya jumla, Pujols yuko mbele. Alistaafu mwaka 2022 akiwa amevusha uzio mipira 703, na ni watatu tu waliomtangulia kufikisha 700: Barry Bonds, Hank Aaron na Babe Ruth. Cabrera, aliyestaafu mwaka mmoja baadaye, alivusha 511. Hata hivyo, wastani wake wa kupiga ni 0.306 dhidi ya 0.296 wa Pujols. Mwaka 2012 aliongoza Ligi ya Amerika kwa wastani, kwa mipira iliyovuka uzio na kwa kuwaingiza wenzake nyumbani, heshima ambayo hakuna aliyekuwa ameipata tangu Carl Yastrzemski mwaka 1967.

Lakini wastani huo una upungufu. Mpigo mfupi unaomfikisha mchezaji kituo cha kwanza huhesabiwa sawa na ule unaovuka uzio. Ndiyo maana klabu hutazama pia idadi ya vituo anavyojipatia mpigaji kwa kila jaribio.

Msimu wa 2022 unaidhihirisha tofauti hiyo. Wote wawili walialikwa katika mechi ya nyota kwa heshima ya historia yao, na walicheza karibu idadi sawa ya mechi za msimu: Pujols 109, Cabrera 112. Wastani wao wa kupiga haukupishana sana, 0.270 kwa 0.254. Kwa kipimo cha vituo, Pujols alipata 0.550 na Cabrera 0.317. Pujols, akiwa na umri wa miaka 42, alivusha mipira 24. Cabrera, mwenye miaka 39, alivusha mitano.

Mcheza kwao hutunzwa. Pujols alikuwa amerejea St. Louis, alikoanzia, na mara nyingi alipangwa dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto, kazi aliyoimudu bado.

Mikataba mikubwa haikuzingatia hali kama hiyo. Angels walimpa Pujols dola milioni 240 kwa miaka kumi, na wastani wake ukashuka kutoka 0.328 wa St. Louis hadi 0.256. Tigers walimwongezea Cabrera miaka minane kwa dola milioni 248. Kuanzia 2017 hadi 2023 alivusha mipira 65, pungufu ya 88 aliyovusha katika misimu ya 2012 na 2013 pekee.

Kwa jumla ya maisha ya uwanjani, mizani inamwelemea Pujols. Kwa klabu, somo ni jingine: hesabu ya miaka iliyopita humpa mkongwe heshima anayostahili, lakini mshahara wa kesho unapaswa kufuata kazi ambayo mikono yake bado inaiweza.