Mbwa Anaharisha? Wekeni Chini Hiyo Flajili!

Jamani, leo nataka kugombana na watu. Nitagombana na majirani, nitagombana na wauza dawa, na ikibidi nitagombana hata na wewe msomaji uliyeanza kutabasamu. Ndiyo, leo naandika kuhusu kinyesi cha mbwa. Cheka umalize, halafu tuendelee.

Nyumbani kwetu kuna mbwa anaitwa Simba. Ana miaka sita, uzito kama kilo 25, na tangu aje hakuna kibaka aliyethubutu kuruka ukuta wetu. Mwaka jana akaanza kuharisha. Si siku mbili tatu, ni miezi! Leo afadhali, kesho karudi kule kule. Anachuchumaa hata mara nane kwa siku, anajikamua weee, anatoa kidogo tu, na mwishoni ute kama kamasi. Siku nyingine tone la damu mbichi.

Dawa yake? Flajili, bila shaka. Si ndiyo dawa ya kila tumbo hapa kwetu? Tukaenda duka la dawa, tukasema mbwa anaharisha. Muuzaji hakuuliza hata uzito wake. Vidonge vikaingia kwenye kibahasha, hela ikapokelewa, kwaheri. Siku tano Simba akatulia. Wiki ya tatu akarudia. Tukanunua tena, na tena. Mara ya nne vidonge havikufua dafu, na jirani mmoja akamwambia mzee wangu: "Huyo kaisha, mzee mwenzangu. Mwite bwana mifugo aje na sindano, utafute mwingine." Mzee akakubali. Siku ikapangwa, Jumamosi.

Sasa nauliza: ni mgonjwa gani anayehukumiwa kifo kabla hajapimwa?

Bwana mifugo alikuja kweli na sindano yake, lakini akaanza na maswali. Amekonda? Hapana. Anatapika? Hapana. Anatoka mara nyingi na kutoa kidogo kidogo, kwa kujikamua? Ndiyo. Basi, akasema, tatizo liko kwenye utumbo mpana. Lingekuwa la utumbo mwembamba angetoa kingi kwa mpigo na angekuwa amekwisha konda. Maswali matatu tu hayo! Hakuna aliyeyauliza miezi yote ile, mimi mwenyewe nikiwemo, mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza maswali.

Akachukua kinyesi akakipime kwa hadubini, na hata kabla ya majibu akatoa dawa ya minyoo, fenbendazo, kwa siku tatu, irudiwe baadaye. Alisema minyoo mjeledi hutoa mayai kwa vipindi, kwa hiyo kipimo kimoja kinaweza kuwakosa. Makombo yenye pilipili na mafuta yakapigwa marufuku, pamoja na vitunguu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Simba akawa anakula wali laini na kuku asiye na ngozi. Wiki tatu zikapita. Minyoo haikuonekana, hali ikawa nafuu kidogo, lakini kujikamua kulikuwa pale pale. Ndipo tukaongeza nyuzinyuzi: maganda ya mbegu za isabgoli, ile ambayo watu hunywa wakifunga choo.

"Ya kufunga choo, unampa anayeharisha?" Najua utauliza, mama naye aliuliza. Maganda yale yakikutana na maji huvimba na kuwa kama uji mzito. Kinyesi chepesi kinashikana kwa sababu maji yaliyozidi yamenaswa. Kinyesi kikavu kinalainika kwa sababu maji yamebaki ndani yake. Dawa ile ile, kazi mbili. Zaidi ya hapo, bakteria wa utumbo mpana huchachusha sehemu ya nyuzinyuzi na kutengeneza asidi ambazo seli za ukuta wa utumbo huo huzitumia kama chakula. Flajili yenyewe haichagui hivyo. Inaua bakteria wabaya na inawafyeka wengi wa wale wazuri.

Na hii si hadithi ya Simba peke yake. Mwaka 2000, Michael Leib wa Marekani alichapisha kumbukumbu za mbwa 37 waliokuwa na kuharisha sugu kwa utumbo mpana kusikojulikana chanzo. Walipewa chakula chepesi kusagika pamoja na nyuzinyuzi za aina hii, na wengi wao walipata nafuu kubwa. Mwaka 2021 Wareno wakatoa matokeo ya mbwa 22 wa polisi wenye shida hiyo hiyo. Walikula maganda hayo kila siku kwa mwezi mmoja, na wengi wakatengemaa. Mbwa wa polisi, si wa kubebwa mapajani!

Haya, nije kwa wabishi. Wa kwanza wanasema haya ni mambo ya Kizungu. Wazungu gani? Isabgoli inalimwa Gujarat na Rajasthan, India, na nimeinunua kwenye duka la Mhindi, rafu moja na binzari.

Wa pili wana hoja nzito zaidi: watu hawana hela ya dawa zao, wewe unahangaika na mbwa. Nawaheshimu. Lakini zile flajili za mara nne zilinunuliwa kwa hela ya nani? Na bakteria akishazoea dawa, haulizi kama aliizoea kwenye tumbo la mbwa au la mtoto anayemkumbatia mbwa huyo. Usugu wa dawa tunautengeneza wenyewe, kibahasha kwa kibahasha.

Ila msinisome vibaya mkaanza kumwaga isabgoli kwenye kila bakuli. Anza na nusu kijiko cha chai, ichanganye vizuri na chakula kilicholowa, maji ya kunywa yawepo muda wote, uongeze taratibu kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Ikizidi, mbwa atajaa gesi. Ikiliwa kavu inaweza kuvimba na kumziba. Usinunue iliyotiwa utamu wa zailito, hiyo ni sumu kali kwa mbwa. Na kama mbwa anakonda, anatapika, au kinyesi ni cheusi kama lami, achana na mimi, mpeleke akapimwe leo hii. Wapo pia ambao nyuzinyuzi haziwasaidii kitu.

Simba zilimsaidia. Tulifika kijiko kimoja cha chakula asubuhi na kimoja jioni, na wiki ya pili akaanza kutoka mara mbili tu kwa siku. Ute umekwisha. Ile Jumamosi imepita zamani, naye bado anabweka getini. Mzee ndiye anayemchanganyia siku hizi, na ikikaribia kuisha ananipigia simu kazini kunikumbusha.

Mwenye duka la dawa, siku nyingine mtu akikwambia mbwa wake anaharisha, mwelekeze kwa bwana mifugo. Huo ndio ugomvi wangu. Naomba kuwasilisha.