Masta ya usanifu wa ndani ni ya nini?

"Usome masta ya kupanga makochi?" Swali hili huja na kicheko, lakini ndani yake mna hoja za kujibiwa.

Ya kwanza ni kipaji. Dorothy Draper, tunaambiwa, hakuwa na shahada ya fani hii, na bado ndiye aliyeipamba hoteli ya Greenbrier kule West Virginia. Ni kweli. Lakini mwaka 1942 klabu ya Cocoanut Grove ya Boston, iliyopambwa kwa minazi bandia na vitambaa darini, iliwaka moto na watu 492 wakafa. Jicho la rangi halikukosekana mle. Hata hivyo, mambo ya moto hufundishwa shahada ya kwanza, kwa hiyo hoja hii haiitetei masta. Inamjibu tu anayedhani kipaji kinatosha.

Ya pili ndiyo nzito: uzoefu wa kazini unashinda darasa. NCIDQ, mtihani wa wasanifu wa ndani wa Amerika Kaskazini, unadai vyote viwili, masomo na saa za kazi. Tena uzoefu una upofu wake. Mteja akikabidhiwa funguo akafurahi, kazi imekwisha. Nani hurudi baada ya mwaka kuwauliza wauguzi?

Roger Ulrich aliuliza. Alichukua kumbukumbu za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, kati ya 1972 na 1981. Akawapanga wawili wawili, wanaolingana jinsia, umri, hata uvutaji sigara. Dirisha la mmoja likitazama miti, la mwenzake ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Matokeo yakatoka 1984 katika jarida la Science. Ulrich hakuwa mpambaji, alikuwa mwanajiografia aliyefunzwa kupima. Unaweza kupanga wodi mia moja bila kulijua hilo, kwa sababu hukuweka mgonjwa wa kulinganisha naye.

Na majibu ya Pennsylvania hayahamishwi yalivyo. Wodi zetu, saa ya kuona wagonjwa, hujaa ndugu na hotipoti za chakula. Dirisha likifunguliwa joto na kelele za bodaboda huingia pamoja na upepo. Kitanda kikae wapi? Hiyo ni tasnifu nzima.

Ya tatu, kwamba mshahara haupandi, sina ugomvi nayo. Mabosi wengi huangalia kazi ulizofanya. Asiyetaka kufundisha wala kutafiti, aliyemaliza shahada yake pale Chuo Kikuu Ardhi, aende kazini. Anayetaka, kabla ya kulipa ada, aulize msimamizi wake atakuwa nani, na ni jengo gani lenye watu ndani ataruhusiwa kulipima.