Mto Hauna Kosa

Katika mwezi wa Mei 2025 mvua kubwa ilinyesha usiku katika nchi yetu ya Fizi. Mto Kasaba, upande wa Ngandja, ukafurika watu wakiwa wamelala. Walikufa zaidi ya 60, wengi wao watoto na wazee. Miaka mitano kabla, Aprili 2020, mto Mulongwe uliua makumi ya watu mjini Uvira. Nasi wa Nundu, tukaao katikati, mlima nyuma na ziwa mbele, twaulizana: zamu yetu lini?

Kila mara baada ya mazishi twasikia maneno yale yale. Mmoja asema, "Ni Mungu." Mwingine asema, "Ni moshi wa viwanda vya Wazungu." Wa tatu awanyoshea kidole wakimbizi wa Burundi waliopokelewa Lusenda tangu 2015. Hakuna asemaye, "Ni mimi."

Ni kweli kwamba matajiri wa dunia wamechafua hewa. Moshi wa mafuta na makaa ya mawe umeipasha dunia joto, na hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi: kwa kila digrii moja, karibu sehemu 7 kwa 100. Ndiyo sababu mvua ikija huja kwa kishindo. Baba Mtakatifu Fransisko alilisema jambo hilo wazi katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, kwamba maskini ndio wanaoumia zaidi. Deni hilo lipo, na sharti tulidai.

Lakini mvua peke yake si mafuriko. Kati ya wingu na mto pana mlima, na mlima huo umo mikononi mwetu. Penye msitu, majani huvunja nguvu ya matone, mizizi huufungua udongo, maji huzama, kisha hutoka polepole katika chemchemi hata wakati wa kiangazi. Penye mlima mtupu maji hayazami. Hutelemka yote pamoja, yakisomba udongo na mawe. Kwa hiyo mlima uliokatwa hutupiga mara mbili: masika kwa mafuriko, kiangazi kwa kiu. Kijito kikikauka, akina mama huteka maji ya ziwa, na kipindupindu twakijua sote. Nao udongo uliosombwa hufunika mawe ya pwani ambako samaki huzaliana.

Nani ameukata mlima? Ni sisi. Twachoma makala. Twalima mihogo kwenye mteremko mkali, matuta yakielekea bondeni. Twalima mpaka ukingoni mwa mto. Tena wako wanaouza viwanja penye mkondo wa mto, nao wajua vizuri wanachouza. Fedha huingia mfukoni wakati wa kiangazi. Maiti hutafutwa wakati wa masika. Hao wasitaje mapenzi ya Mungu. Mungu alimpa mtu bustani ailime, akamwagiza pia aitunze.

Watu watajibu: "Sisi maskini, na vita havijaisha; tutapika kwa nini?" Neno hilo ni zito, hatulidharau. Mama mwenye watoto wenye njaa hawezi kungoja mti ukue. Lakini hatuombi lisilowezekana. Mifereji ya kukinga maji, inayoukata mteremko kwa upana, huchimbwa kwa jembe lile lile. Majani ya tembo hushika udongo na kulisha mbuzi. Jiko la udongo hupunguza kuni. Miti ya ukingoni iachwe. Mkimbizi naye hupika kwa kuni kama sisi. Tupande pamoja naye, tusimtwishe mzigo wetu. Na anayeuza kiwanja mtoni tusimnunulie, wala tusimnyamazie, hata akiwa mkubwa.

Wazee walisema: maji yakimwagika hayazoleki. Basi tuyazuie huko juu mlimani, kabla hayajafika mlangoni. Mto hauna kosa. Unafuata njia tuliyoufungulia.