Pilipili Tuliyoila

La Rochelle ni mtaa wa kusini mwa Johannesburg uliobeba jina la bandari ya Ufaransa, ukakaliwa kwa miongo mingi na Wareno: wa Madeira, wa Msumbiji, wa Angola. Hapo niliwahi kuketi katika mkahawa nikapewa orodha ya vyakula iliyotaka kunifunza lugha yangu upya. Chini ya kuku wa kuchoma paliandikwa kwamba piri-piri ni neno la Kireno. Mhudumu, kijana wa Msumbiji, aliponiona natabasamu aliniuliza kwetu tunaiitaje. Nikamwambia: pilipili. Akacheka, kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Kosa hilo si dogo, maana limesafiri mbali. Mtaa jirani wa Rosettenville ndiko ulikoanzia mkahawa wa Nando's mwaka 1987, na tangu hapo neno hili limeuzunguka ulimwengu. Wengi wanaolitamka leo huamini kwamba limetoka Lisbon. Lakini Wareno walikuwa na jina lao, pimenta, walilolirithi kutoka Kilatini. Hawakuja huku wakiwa na upungufu. Piripiri walilisikia katika vinywa vya Waafrika. Waswahili husema pilipili. Washona, ambao lugha yao haina l ya asili, husema mhiripiri. Wakongo wanaoongea Kifaransa husema pili-pili. Neno lililoenea hivyo halipewi uraia wa Ureno kwa sababu tu limepanda merikebu ya Wareno.

Tuwe waadilifu, hata hivyo. Nasi tulilipokea. Waarabu husema filfil, Waajemi felfel, na nyuma yao iko pippali ya Kisanskriti, jina la pilipili ndefu ya India. Tawi jingine la neno hilohilo lilifika kwa Wagiriki na Warumi, likazaa poivre ya Wafaransa na pepper ya Waingereza. Na mmea wenyewe wa pilipili kali ni wa Amerika. Ulivuka bahari baada ya mwaka 1492, na Wareno walikuwa na mkono mkubwa katika kuusambaza. Basi jina ni la India, mmea ni wa Amerika, chombo ni cha Wareno. Sisi tulifanya nini? Tulimpa mgeni mwekundu jina la punje nyeusi, hata ile punje ikahitaji kutambulishwa: pilipili manga, yaani ya Arabuni. Kulihamisha jina namna hiyo ni kazi ya lugha inayofikiri.

Ninachokipinga ni mizani isiyo sawa. Neno safari lina asili ya Kiarabu, lakini Mzungu akilieleza hutosheka kusema ni Kiswahili, kwa kuwa linanukia mbuga na simba. Piripiri, lenye soko na faida, husimamishwa Lisbon. Asili ya neno haipaswi kukoma pale inapompendeza muuzaji.

Nasi wanataaluma tuna sehemu yetu ya lawama. Wanafunzi wetu hukariri kwamba meza, bendera, leso na gereza ni mikopo ya Kireno. Ni kweli, nami hufundisha hivyo. Lakini iko wapi orodha ya maneno tuliyowakopesha wengine? Daftari lenye safu ya madeni pekee humfanya hata tajiri ajione fukara, na mwanafunzi aliyelelewa na daftari hilo huamini kwamba lugha yake ni jalala la lugha za watu.

Mwaka 2018 serikali ya Afrika Kusini ilipotangaza kwamba Kiswahili kitaruhusiwa shuleni kama somo la hiari, wapo waliokiona kuwa lugha ya mbali isiyowahusu. Kumbe ilikuwa sahanini mwao kila Jumamosi, imefichwa nyuma ya jina la Kireno. Tungekuwa tumeifanya kazi yetu, jibu lingekuwa tayari.

Najua nitaulizwa swali la wahenga: pilipili usiyoila yakuwashia nini? Hii tumeila, tena tumeitia jina. Ndiyo maana inatuwasha.