Wanawake wa Kilindini na Siri za Bahari



Hapa Ediofe, na kote Arua na Koboko, koo nyingi zilikuwa na mzee aliyevaa sare ya King's African Rifles. Watoto wamelelewa kwa habari za Burma. Lakini wanawake waliotumikia vita hivyo hivyo kwa kalamu na masikio hawasimuliwi sana.

Mwezi wa Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Colombo. Ofisi ya Waingereza iliyofumbua maandishi ya siri ya Wajapani ikahamishiwa Kilindini, Mombasa, katika jengo la shule ya Allidina Visram. Miongoni mwa watumishi wake walikuwamo Wrens, yaani wanawake wa Jeshi la Maji la Uingereza. Kazi yao ilitaka utulivu mkubwa: kunasa ishara za simu ya upepo na kuandika alama ambazo kwao hazikuwa na maana yoyote. Alama chache zikikosewa, ujumbe mzima huweza kupotea.

Mwezi wa Septemba 1942 kosa la Wajapani wenyewe liliwapa mwanya wataalamu wa ofisi hiyo. Kufikia Novemba, fumbo la meli zao za biashara lilisomwa kila ujumbe ulipoingia, na misafara iliyochukua askari wao ikaweza kufuatwa.

Hatari nayo haikuwa mbali. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na Wrens. Wanawake sita tu waliokoka. Bahari haikuuliza nani ana bunduki na nani hana.

Vita vilipokwisha, wanawake wa kazi hizo za siri walinyamaza. Hadi miaka ya 1970 wengi hawakuwa wamewaambia hata waume zao.

Mama, jambo hili latuhusu. Mume akipewa amri ya safari, siku na njia yake si mazungumzo ya kisimani wala sokoni. Kosa moja la adui liliwatosha watu wa Kilindini. Na letu laweza kumtosha mwingine.

Nawe baba, binti yako akipenda hesabu, usimwambie kuwa jeshi ni la wavulana.