"Swag" haishoni nguo

Jamani, tuambiane ukweli. Siku hizi hapa Kakuma kitu kikipendeza hakiitwi tena kizuri. Viatu ni "dope", koti ni "lit", na kijana aliyetokelezea ana "swag". Ukisema "maridadi" unachekwa, eti mshamba. (Wazee wanaojua Kiingereza wakisikia "dope" wanashtuka, wanadhani mtoto ameanza kuvuta.)

Hatupigi vita Kiingereza. Shati, suti, tai, fiti, zote zilitoka huko na hakuna anayelalamika. Wala Kiswahili si lugha ya mama kwa wengi wetu. Wenzetu wa Sudan Kusini na Somalia wengi wamekiokotea hapa hapa, uwanjani na kwenye foleni ya maji.

Kinachotukera ni maneno haya kugeuzwa tiketi. Kwenye maonyesho ya mavazi ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, dada yetu mmoja Mrundi, fundi hasa, aliulizwa aeleze kazi yake. Akasema ameshona gauni la kitenge, maua yamekutana kwenye mshono, linavalika harusini na hata kazini. Watu wakacheka. Aliyemfuata alikuwa na koti la kuazima. Akasema "my swag is fire", ukumbi ukalipuka. Huyo ndiye aliyerekodiwa video, na ndiye aliyeitwa kwenye mafunzo ya ushonaji. Hata kutunga uzi kwenye sindano hajui!

Ndugu zetu wa mashirika, hapo mnahusika. Mkija na kamera mnatafuta kijana "anayejieleza", na kujieleza kwenu ni Kiingereza cha video za muziki. Mnaondoka na maneno matano yale yale, mnaandika ripoti kwamba vijana wana ari. Yule anayejua bei ya kitenge, faida inapopotelea, na kwa nini cherehani moja haiwatoshi watu sita, hamkumsikia. Na mkalimani alikuwa amekaa pale pale, anachezea simu.

Na sisi wenyewe je? "Cool" ilienezwa na wanamuziki weusi wa jazz kule Marekani, watu waliodharauliwa hata kwa namna walivyoongea. Walisema vyao, dunia ikawafuata. Vijana wa Nairobi wana "poa" yao. Wakongo walikuwa na masapeur kabla sisi hatujazaliwa, na Papa Wemba hakusubiri neno "swag" ndipo watu wageuke kutazama suti yake. Sisi tunaona kitenge kilichoshonwa kikashoneka, tunabaki "wow, dope". Dope nini? Rangi imekolea? Mkono umekaa? Kimemkaa mwenyewe?

Maonyesho yajayo tunataka fundi aongee kwanza, kwa lugha anayoitaka, na mkalimani afanye kazi anayolipwa. Atakayepanda jukwaani na "swag" yake, karibu sana. Ila aulizwe swali moja tu: nani kashona?